Mkongwe akirudi, tumsikilize upya

Msanii mkongwe anapotoa albamu baada ya ukimya mrefu, redio nyingi humkaribisha kwa kupiga wimbo wake ule ule wa zamani. Hapo tunamkosea. Chukua mfano wa Ayub Ogada wa Kenya. Mwaka 1993 alitoa En Mana Kuoyo, albamu iliyoitembeza nyatiti, ala ya Wajaluo, duniani; wimbo wake Kothbiro ukasikika hadi kwenye filamu ya The Constant Gardener ya 2005. Albamu ya Kodhi, aliyoirekodi na mpiga gitaa Trevor Warren, ilitoka 2015, miaka 22 baadaye.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, vidole vikicharaza nyuzi huku pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga mapigo. Ala hiyo hudai subira, na subira huja na umri.

Ogada alifariki Februari 2019, na wengi wetu bado tunamjua kwa Kothbiro tu. Basi mkongwe mwingine akirejea, watangazaji tupige nyimbo zake mpya mpaka mwisho, nanyi wasikilizaji nunueni kazi yake, mkajaze kumbi. Msanii huenziwa akiwa hai.