Kilomita na Saa: Safari ya Kinshasa, Kasongo na Kabambare



Kasongo na Kinshasa zote ziko kati ya digrii 4 na 5 kusini mwa ikweta. Kinachozitenga ni longitudo, na tofauti yake inazidi kidogo digrii 11. Katika nchi zilizo karibu na ikweta kama yetu, digrii moja ina takriban kilomita 111. Mwanafunzi akizidisha atapata kilomita 1,200 na ushei. Ndege kubwa ya jeti, kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, ingezimaliza kwa saa moja na nusu hivi.

Lakini jeti hushukia Kindu, mji mkuu wa jimbo letu la Maniema. Na hapo saa nazo zinahitaji hesabu, kwa kuwa Maniema iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Anayeruka Kinshasa saa mbili asubuhi, akakaa hewani saa moja na nusu, anatua Kindu saa nne na nusu. Akirudi kwa mwendo uleule, akiondoka Kindu saa nne, anafika Kinshasa saa nne na nusu ya huko.

Sasa tutazame nyumbani. Kutoka Kasongo hadi Kabambare ni digrii moja tu kuelekea mashariki, na kushuka kidogo kusini: kilomita 115 hivi kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo ya kilomita 300 kwa saa ingetumia chini ya nusu saa. Mtu wa pikipiki haendi kwa mstari ulionyooka. Anafuata barabara ya udongo, na mvua ikinyesha anasubiri mto upungue au tope likauke, hata akalala njiani. Ndiyo maana nasema Kabambare inaweza kuwa mbali zaidi na Kasongo kuliko Kinshasa ilivyo mbali na Kindu, na nasema hivyo kwa hesabu ya saa.

Wazee wa misafara walilijua jambo hili. Njia ya kutoka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ilipita Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe, na mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, anahesabu safari kwa siku. Siku ilibeba kila kitu: mizigo, njaa, mito, hata ugomvi wa njiani. (Ilibeba pia mateso ya watumwa, na hilo tusilisahau tunapozisifu njia hizo.) Kilomita za ramani hazibebi chochote cha namna hiyo.

Leo pia, mama mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa Kasongo haulizi kilomita. Anauliza atafika lini.

Basi nawaomba wahandisi, waganga na ninyi mnaopanga bajeti ya jimbo: kila mnapoandika umbali wa kijiji, andikeni pembeni saa za kufika, mara moja za kiangazi na mara nyingine za mvua.