Kuondoa grisi kwenye moto bila kuchafua mto

Wafadhili watakaosoma maneno haya wasishangae kwamba tunaita mkutano kwa ajili ya uchafu. Moto nyingi za wanachama zimenunuliwa kwa pesa ya likelemba, na kila moja inalisha nyumba. Cheni ikikatika njiani Makobola, ile siku watoto wanalala njaa.

Mnajua inavyokuwa. Wakati wa kiangazi ni vumbi ya bonde la Ruzizi, wakati wa mvua ni matope ya barabara ya Baraka. Yakichanganyika na grisi ya cheni yanakuwa kama msasa, yanakula meno ya pinyo polepole. Tena uchafu unaficha. Moteri ikiwa nyeusi chini, utajuaje kama oili inavuja? Utajua siku imekwama.

Maji peke yake hayawezi. Mafuta na maji hayapatani, njo maana unaweza kusimamisha moto ndani ya Kalimabenge saa nzima na grisi ikabaki palepale. Mafuta yanaondolewa na mafuta kwanza, kisha sabuni. Acha moteri ipoe kabisa. Chukua petroli ya taa, nusu kikombe inatosha, na mswaki wa zamani. Paka kwenye cheni na chini ya moteri, ngoja dakika 10, sugua, pangusa na kitambaa. Halafu maji ya vuguvugu na sabuni ya mawese, ile wamama wetu wanapika. Suuza, kausha, na hapa wengi wanasahau: weka oili mpya kwenye cheni. Petroli imeondoa yote, na cheni kavu inashika kutu haraka.

Petroli isiguse freni, utakanyaga na moto haitasimama. Na esanse hapana, hata tone, kwani inawaka upesi kuliko petroli. Majivu ya jikoni yaliyochekechwa ni mazuri kwa vyuma visivyo na rangi, na kwa mikono yenu pia. Bibi zetu walisugua sufuria hivyo. Kwenye tanki yanakwaruza. Wengine wanauliza juu ya soda kali, ile ya kupikia sabuni. Inatoa grisi kweli, lakini inakula aluminiamu, na kifuniko cha moteri ni aluminiamu. Macho tusiseme.

Sasa tuje kwenye lile linaloleta matusi kati ya vijana na wamama. Tunaelewa kwa nini mnaoshea mtoni: maji ya mto ni bure, na bidoni ya maji mtu anainunua. Lakini Mulongwe ndio mto ambao REGIDESO inachota maji ya mji. Tangu mafuriko ya tarehe 16 na 17 Aprili 2020, yaliyobeba nyumba na kuharibu mabomba, familia nyingi zilirudi kuchota mtoni na ziwani, na kolera haitoki hapa Uvira. Tuseme ukweli, grisi haileti kolera. Lakini mama akiona mafuta yanaelea juu ya maji anabeba ndoo yake, anaenda kuchota fasi ingine, mara nyingi penye uchafu usioonekana kwa macho. Njo hapo hatari ilipo.

Bidoni moja ya lita 20 na beseni vinatosha moto moja, kama grisi imeshatolewa na petroli kabla. Mnaoshea pa nchi kavu, mbali na mto na visima. Petroli iliyotumika msiimwage. Mnaitia ndani ya bidoni yenye kifuniko, kesho yake uchafu umeshuka chini, na ile ya juu mnaitumia tena kwa cheni ingine. Tope linalobaki watu wanapaka kwenye nguzo za nyumba kuzuia mchwa.

Kwa wafadhili: hatuombi mashini ya kuoshea. Tunaomba mabeseni, broshi na bidoni zenye vifuniko, na sabuni tutanunua kwa wamama wa chama wenyewe.

Bado hatujakubaliana bidoni ya petroli chafu itakaa wapi. Vijana wanataka ikae kwenye parkingi. Mama anayeuza chai pale amesema hataki kuiona karibu na mbabula yake, na ana haki. Tutalimaliza kwenye kikao kinachofuata, naye akiwepo.