Blanketi la Viraka kwa Mpiganaji wa Zamani

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa serikali, Arusha)



Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, tarumbeta hulia, nasi husimama kimya. Ni jambo la heshima. Lakini ninyi mnaoishi miteremkoni mwa Mlima Meru mnajua tarehe hiyo huangukia wapi. Huangukia katikati ya kipupwe chetu, wakati ukungu hauondoki mpaka saa nne ya asubuhi, na usiku mtu wa Ilboru au Nkoaranga hujifunika kila nguo aliyo nayo. Nimekuja kuzungumza habari za mashujaa walio hai bado ndani ya baridi hiyo.

Jirani yangu mmoja ni wa kundi hilo. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, yeye alikuwa mgambo kijana mwenye migomba na kahawa kidogo. Aliitwa, akafundishwa upesi upesi, akavuka mpaka pamoja na wenzake. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Vita vilipokwisha alirudi kwenye migomba yake, akiwa na blanketi moja la kijivu la jeshi. Julai iliyopita aliniwekea blanketi hilo mapajani nilitazame. Katikati limebaki nyuzi tupu, ukiliinua unaona mwanga wa taa. Nilipotaka kumnunulia jingine dukani, alinikatalia kwa upole. Alisema la dukani analo, wanalitumia wajukuu. Hili hulishika kwa sababu ndicho kitu pekee alichopewa kinachosema kwamba na yeye alikuwako.

Ndugu zangu, maneno hayo yamenisumbua kwa muda mrefu. Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita, tarehe 2 Novemba 1978, jeshi peke yake halikutosha. Walikwenda polisi, askari magereza, vijana wa JKT na mgambo kwa maelfu. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku hizo sasa amepita 65. Wengi wao hawakuwa askari wa kuajiriwa. Walivua sare wakarudi kulima, na kijana anayepishana nao leo njiani Tengeru au Ngaramtoni hajui amepishana na nani.

Tumekwisha kukosa mara moja. Wazee waliotumikia KAR, wakapigana Burma mwaka 1944 katika matope na malaria ya bonde la Kabaw, walirudi katika nchi iliyokuwa bado ya mkoloni. Mwaka 1951 serikali hiyo iliwafukuza Wameru kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, hata ikambidi Kirilo Japhet kwenda kushitaki Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Mkoloni hakuwa na shukrani, hilo halishangazi. Lakini hata baada ya Uhuru, sisi wenyewe tuliwafanyia nini wazee wa Burma? Sasa karibu wote wametutoka.

Shauri langu ni dogo. Tuwashonee wazee wa Kagera mablanketi ya viraka kwa mikono yetu. Huko Marekani kazi ya namna hii ilianzishwa mwaka 2003 na mama mmoja, Catherine Roberts, ambaye mwanawe alikuwa vitani Iraq, na hadi leo yamekwisha tolewa mamia ya maelfu. Hata hivyo hatuhitaji kufundishwa na Marekani maana ya blanketi. Ni nani hapa, Mmeru au Mwarusha, asiyejua kwamba blanketi hutajwa katika mahari, na kwamba mzee aliyefunikwa mabegani amepewa heshima mbele ya watu?

Vitambaa tunavyo. Mafundi cherehani wa mjini hufagia vipande vya kitenge kila jioni. Vifuliwe kwanza, maana kitambaa kipya hurudi kikifuliwa, kisha vikatwe sentimita 17 kila upande, ili baada ya mshono zibaki 15. Mistari 14 ya vipande 10 hutoa blanketi la meta moja na nusu kwa meta mbili na kidogo. Katikati liwekwe blanketi kuukuu jepesi, chini kitambaa cha pamba, na tabaka zote tatu zipigwe bandi kabla ya kushonwa pamoja, la sivyo la kati litajikunja. Msilifanye zito. Atakayelifua ni bibi wa nyumba hiyo, kwa mikono, na mwezi wa Julai hapa kwetu hata soksi haikauki kwa siku moja.

Wanafunzi washiriki, wavulana kwa wasichana. Lakini mtoto asishone kabla hajakwenda kwa mzee mwenyewe kumuuliza alikuwa kikosi gani, alivuka wapi, alimpoteza nani. Jina la mzee na la kikosi chake yashonwe kwenye pindo. Kwangu mimi hiyo ndiyo nusu ya kazi, na pengine nusu iliyo kubwa.

Najua kuna atakayesema kwamba tunawapa viraka watu wanaodai haki. Ana hoja, wala sitaki kuikwepa. Jirani yangu niliyemtaja aliwahi kwenda ofisi moja mara nne akifuatilia karatasi zake, na mara zote aliambiwa arudi wiki ijayo. Sisi tulio hapa ndio tunaokaa nyuma ya meza za namna hiyo. Blanketi halifuti deni, na mtumishi atakayeshona usiku huku mchana ameliacha faili la mzee limelala kwenye droo, ni afadhali asishone. Alifungue kwanza faili.

Kutoka leo hadi Julai ijayo tuna muda wa kutosha kumaliza mablanketi kadhaa tukikutana kila Jumamosi alasiri. Nimekuja na gunia moja la vipande na sindano chache. La kwanza tutampelekea jirani yangu, na nimekwisha kumwomba ruhusa ya kukata kipande kimoja cha lile la kijivu tukishone katikati. Amesema atafikiri.