Blanketi la Dunia na Chungu cha Maharage

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa wilaya)



Kikapu mnachokiona juu ya meza hii si zawadi, wala si chakula cha safari yangu. Ndani yake mna sufuria ya maharage iliyoepuliwa leo saa moja ya asubuhi, ikafunikwa, ikazungushiwa blanketi kuukuu na kuzibwa juu kwa mto wa sufi. Tangu hapo haijaona moto. Naomba tuiache ilivyo mpaka nitakapomaliza, maana ndiyo shahidi wangu.

Nimetakiwa nizungumze juu ya tabianchi na jiko. Mambo haya siku hizi husemwa pamoja, na aghalabu husemwa vibaya. Nimepata kumsikia mwalimu akiwaeleza wanafunzi kwamba barafu ya Kilimanjaro inayeyuka kwa sababu ya mkaa wa akina mama wa mjini. Wanafunzi wakaandika. Hapana budi kosa hilo lisahihishwe kwanza.

Mwanga wa jua hupita hewani kwa urahisi, ukaipasha ardhi na bahari. Nazo hulirudisha joto angani kwa miale isiyoonekana kwa macho. Mvuke wa maji na hewa ukaa huupisha mwanga, lakini huizuia miale hiyo. John Tyndall alilithibitisha jambo hili kwa majaribio mjini London mwaka 1859. Bila ya hewa hizo, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya 15 juu yake. Basi blanketi lenyewe si adui. Shida ni unene wake. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, 280 hivi zilikuwa za hewa ukaa. Charles Keeling alipoanza kupima huko Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa kama 315. Leo zimepita 420. Na blanketi, ndugu zangu, halitengenezi joto; hulizuia lisitoke. Anayedhani kwamba dunia inapashwa na moto wa meko yetu hajalielewa somo.

Nani aliyelinenepesha? Zaidi ni makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa viwandani, katika mitambo ya umeme na katika magari ya Ulaya na Marekani, na baadaye Uchina. Bara zima la Afrika hutoa chini ya sehemu 5 katika kila 100 za hewa ukaa itokanayo na nishati hizo. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na sababu zake ni ukavu wa hewa ya huko juu pamoja na joto la dunia. Mama muuza maandazi asibebeshwe mzigo huo.

Hapo mtu huniuliza: kama ni hivyo, mkaa una kosa gani? Kosa lake liko hapa hapa nyumbani. Kilo moja ya mkaa katika tanuri la udongo hula kati ya kilo 5 na 10 za kuni. Mlima ukivuliwa miti, mvua huporomoka badala ya kuzama ardhini. Tena hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo mvua ikinyesha hunyesha kwa kishindo. Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru. Oktoba 2022 ulipopungua kwa ukame, Dar es Salaam iligawiwa maji kwa zamu. Mvua zilizovurugika tumeletewa na wengine, lakini shoka tunalishika wenyewe. Sitaji moshi unaoingia kifuani mwa mpishi. Kila mmoja wetu ana mama.

Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na Mkakati wa Taifa wa mwaka huo unataka asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ifikapo 2034. Agizo ni jema. Lakini mtungi wa gesi huisha katikati ya mwezi, na mshahara hauji ila mwisho wake. Kwa hiyo nishati yoyote uliyo nayo, jifunze kutoipoteza.

Katika shule moja niliyofundisha, mpishi alikuwa akichochea kuni chini ya sufuria iliyokwisha kutokota, akidhani maharage yataiva upesi. Maji yakichemka, joto lake halipandi tena. Moto unaozidi huishia kwenye mvuke. Pwani huchemka kwa nyuzi 100, Mbeya kwa 95 hivi, ndiyo maana maharage ya Mbeya huchelewa. Sufuria ya presha hupandisha kipimo hicho hadi karibu 120, na ile ya umeme huivisha kilo ya maharage kwa umeme usiofika uniti moja. Asiye nayo apunguze moto na kufunika.

Au atumie kikapu. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu dakika 20. Dakika hizo usizikate, kwani maharage mabichi yana sumu inayouawa na mchemko tu. Sufuria iwe imejaa, kwa sababu iliyo nusu hupoa haraka. Kisha ifunge, uiache saa nne. Nyama sikushauri uanze nayo.

Sasa ni saa tano na dakika chache. Mwalimu uliyeketi karibu na dirisha, tafadhali njoo uutoe huo mto. Kifuniko ukishike kwa kitambaa. Bado kina moto.