Homa Ndogo Isiyokwisha: Hesabu Siku, Usibahatishe

Kabla sijaanza, naomba wanyoshe mikono wale ambao nyumbani kuna mdogo wao, au mtoto wa dada, ambaye ameanza kutembea lakini hajafika miaka mitatu. Naona mikono ni mingi. Na wewe unayesoma mazungumzo haya, nyosha wako.

Swali la pili. Mama akienda sokoni au shambani, mtoto huyo anabaki na nani? Anabaki na wewe! Wavulana msicheke, na ninyi ni kaka zake. Kwa hiyo mada ya leo siyo ya akina mama peke yao.

Leo sitazungumzia homa kali. Mtoto akichemka usiku, nyumba nzima inaamka na anapelekwa hospitali. Mimi nataka tuzungumze juu ya ile homa ndogo. Jioni mwili una moto kidogo, asubuhi umepoa. Mtoto anacheza kidogo, anakaa. Chakula anakichezea tu. Leo hivyo, kesho hivyo, wiki inakatika. Bibi anasema ni meno, jirani anasema ni malaria, wa dukani anauza dawa ya mafua. Kila mtu ana jibu, na hakuna aliyepima.

Neno langu kwenu ni moja: homa ndogo isiyoondoka haitibiwi kwa kubahatisha. Inapimwa, inahesabiwa siku, na mtoto anapelekwa kwa mtaalamu.

HOMA NDOGO NI IPI?

Ukipima kwapani, joto la kawaida la mtoto ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 hivi. Kuanzia 37.5 tunasema ana homa. Likifika 38.5 na kuendelea, hiyo ni homa kali. Homa ndogo ipo hapo katikati.

Wengi tunapima kwa kiganja. Kiganja kinasaidia, lakini kinadanganya. Mkono uliotoka kuosha vyombo kwa maji baridi utaona kila mtu ana moto. Na mtoto aliyebebwa mgongoni kwa khanga saa saba mchana atakuwa na moto hata kama ni mzima. Kipimajoto cha betri ni bora zaidi. Mwache mtoto apumzike, mkaushe jasho kwapani, weka kipimajoto, bana mkono wake mpaka kilie. Pima asubuhi na jioni kwa saa zile zile, kwa sababu joto la mwili hupanda kidogo jioni hata kwa mtu mzima wa afya.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Homa ni hiyo mbiu. Siyo ugonjwa wenyewe. Ni mwili unatangaza kwamba unapambana na kitu. Kazi yetu ni kuuliza: kitu gani?

ETI NI MENO?

Hebu tufanye hesabu. Mtoto ana meno 20 ya utotoni. Huanza kuota karibu na miezi sita na kumalizika karibu na miaka miwili na nusu. Yaani kwa miaka miwili mfululizo, siku yoyote atakayougua, ukifungua mdomo utakuta kuna jino linakuja! Ndiyo maana meno yanasingiziwa kila kitu. Ukweli ni kwamba kuota meno kunaleta mate mengi, kuwashwa fizi na kusumbuka. Joto linaweza kupanda kidogo tu. Homa inayofika 38 au kuendelea siku nyingi, jamani, itafutiwe sababu nyingine.

Imani hii ina madhara. Katika sehemu kadhaa za nchi yetu ya Tanzania, tangu miaka ya 1980, watoto wenye homa na kuharisha wamekuwa wakichimbuliwa fizi eti wana "meno ya plastiki". Hakuna plastiki pale. Ni meno ya kawaida ambayo hayajakomaa, hasa chonge, ndiyo maana ni laini na meupe. Wengine wanapelekwa kukatwa kimeo. Mtoto anatoka damu, kidonda kinaingia vijidudu, na ile homa ya mwanzo bado ipo pale pale.

BASI INATOKA WAPI?

Mara nyingi ni virusi vya mafua. Hivi huisha vyenyewe kwa siku chache. Mtoto mdogo anaweza kupata mafua mapya kabla ya yale ya kwanza kuisha vizuri, ikaonekana kama homa moja ndefu. Chanjo nayo inaweza kuleta homa ya siku moja au mbili. Ile ya surua na rubela huweza kuileta wiki moja hivi baada ya sindano, wakati watu wameshasahau. Tazama kadi ya kliniki.

Lakini kuna mengine ambayo hayaishi yenyewe:

Malaria. Zamani kila homa iliitwa malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba anayeshukiwa apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Malaria haiko sawa kila mahali: Tabora, Mtwara na Kagera ni nyingi, Arusha na Kilimanjaro ni kidogo sana. Kipimo cha haraka kinataka tone moja la damu, na majibu hutoka kwa dakika kama 20. Kikionyesha malaria, mtoto amalize dozi yote ya dawa mseto hata kama joto limeshuka siku ya pili. Kikionyesha hakuna, msishangilie na kurudi nyumbani. Ulizeni: kama siyo malaria, ni nini?

Njia ya mkojo. Ndiyo ile watu wanayoiita yutiai. Mtoto mdogo hawezi kusema "naumwa nikikojoa". Dalili pekee inaweza kuwa homa, au kulia akikojoa, au mkojo wenye harufu kali. Ikiachwa muda mrefu inaweza kudhuru figo. Kipimo chake ni mkojo tu.

Sikio. Mtoto anavutavuta sikio, analia usiku, au usaha unatoka.

Nimonia. Hesabu anavyopumua akiwa ametulia, dakika moja nzima. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno.

Kifua kikuu. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kwa mtoto, kifua kikuu kinaweza kuja kimya kimya: homa ndogo na kikohozi vinavyofika wiki mbili, uzito hauongezeki, hataki kucheza. Kama kuna mtu mzima anayekohoa kwa muda mrefu na wanalala chumba kimoja, mwambie mganga bila kuulizwa. Chanjo ya BCG aliyopata alipozaliwa inamkinga na kifua kikuu kikali, lakini haizuii kila aina. Ugonjwa huu unatibika, ila lazima ugunduliwe. Na pengine mganga atashauri mtoto apimwe VVU. Asiogopwe, anatafuta sababu, na mtoto akianza dawa mapema anakua.

HESABU SIKU

Chukua daftari. Andika tarehe, joto la asubuhi, joto la jioni, dawa aliyopewa, alivyokula, alivyokojoa, na dalili nyingine kama upele au kikohozi. Kisha fuata hesabu hii:

Siku ya kwanza: mahali penye malaria, mtoto apimwe damu ndani ya saa 24, hata kama homa ni ndogo.

Siku ya tatu: kama homa bado ipo, arudishwe zahanati. Hata kama alishapewa dawa.

Siku ya saba: homa ya kila siku iliyopita wiki ni ya hospitali, siyo ya duka la dawa.

Wiki mbili: swali la kifua kikuu lazima liulizwe.

Daftari hilo nenda nalo. Mganga akiuliza "homa imeanza lini?", wengi hujibu "ni siku nyingi kidogo". Wewe utampa tarehe. Kwa mtaalamu hiyo ni nusu ya kazi.

DAWA NA MATUNZO

Parasetamoli inashusha joto, haiui kijidudu chochote. Mtoto mwenye 37.8 anayecheza na kunywa vizuri hana haja nayo. Ukimpa kila jioni, unanyamazisha mbiu bila kuuliza ilitangaza nini. Akiwa anasumbuka, au homa ikiwa kali, apewe kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, apumzike saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 ni miligramu 100 hadi 150. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5, lakini chupa hazifanani, soma maandishi yake. Angalia pia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani. Ukimpa zote mbili umemzidishia dozi, na ikizidi inaharibu ini. Aspirini asipewe kabisa.

Vile vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kabatini, viacheni. Ukianza antibayotiki kabla ya mkojo kupimwa, kipimo kinaweza kisionyeshe kitu.

Usimfunike mablanketi ili "atoe jasho", wala usimwogeshe maji ya baridi kali. Nguo nyepesi, chumba chenye hewa, maji mara kwa mara, uji kidogo kidogo. Kama bado ananyonya, anyonye zaidi. Na alale ndani ya chandarua.

HAPA USIHESABU SIKU

Ukiona moja ya haya, ni kwenda sasa hivi, hata kama ni usiku: hawezi kunywa wala kunyonya; anatapika kila kitu; amelegea sana au haamki; shingo imekaza; anapumua kwa shida; amepata degedege.

Degedege likimshika, mlaze ubavu mahali salama, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na mpelekwe hospitali. Kuna watu wanasema mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Siyo kweli. Kinachoua ni kuchelewa.

UTAMWAMBIAJE MKUBWA?

Najua mnachofikiri: "Mimi ni mtoto, nani atanisikiliza?" Ni kweli, uamuzi wa kwenda hospitali siyo wako. Ila ukisema kwa heshima na ukiwa na daftari, utasikilizwa. Kwa mfano:

"Mama, nimempima siku tatu mfululizo, kila jioni ni 38. Naomba kesho apelekwe zahanati. Nitambeba mimi hadi pale kabla sijaenda shule."

Au kwa bibi: "Shikamoo bibi. Kweli meno yanakuja, nimeyaona. Ila naomba tumpime na damu na mkojo, tujue kama kuna jingine." Usimwambie bibi hajui. Yeye amelea wengi kuliko wewe, na akikubali nyumba nzima inakubali.

Wakisema hakuna pesa, wakumbushe kwamba sera ya serikali yetu ni watoto wa chini ya miaka mitano kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Kama kuna mhudumu wa afya ya jamii mtaani kwenu, mfuateni, naye atasaidia kusema.

Sasa kazi ya nyumbani. Leo usiku, mdogo wako akiwa mzima na amelala, mhesabie pumzi kwa dakika moja, umpime na joto kama kipimajoto kipo. Andika ukurasa wa kwanza wa daftari: "Huyu ndiye yeye akiwa mzima." Siku atakayougua utajua amebadilika kiasi gani.

Karibuni kwa maswali.