Tindo Moja, Majalada Mawili: Kuunganisha Matukio ya Uvunjaji Nachingwea na Ruangwa



Msimu wa korosho ukichanganya, malipo ya vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS) huingia kwenye akaunti za wakulima, na muda si mrefu nyumba zina runinga, sabufa na pikipiki mpya. Wavunjaji nao wanaijua kalenda hiyo. Aliyevunja juzi Nachingwea mjini leo yuko Ruangwa, kwa bodaboda tu. Sisi tunaowafuatilia ndio tunaokwama mpakani: kila wilaya ina jalada lake, na majalada hayo hayasalimiani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Duka limevunjwa Nachingwea, kitasa kimeng'olewa kwa tindo. Wiki moja baadaye nyumba inavunjwa Ruangwa kwa mtindo uleule. Tindo iliyomeguka pembe huacha mikwaruzo inayofanana kwenye kila fremu inayokwanguliwa nayo. Picha zikipigwa kwa karibu, rula ikiwa pembeni, mtaalamu anaweza kulinganisha alama hizo hata kabla mshukiwa hajajulikana. Kinachotuponza ni askari anayekamata tindo, kisha akaichomeka kwenye alama ya mlango aone kama inaingia. Hapo ameshaharibu alama na tindo yenyewe.

Lile jiwe la kubomolea milango, liitwalo Fatuma, halitusaidii kiasi hicho. Hapo tutafute nyayo na alama za vidole. Ukuta wa udongo haushiki vidole vizuri, lakini kioo hushika, na hata runinga iliyotupwa njiani. Mwaka 1902, London, Harry Jackson alitiwa hatiani kwa wizi wa mipira ya biliadi kwa sababu ya kidole gumba alichokiacha kwenye rangi mbichi ya dirisha. Alama ile ililinganishwa na kumbukumbu za wahalifu wa nyuma. Bila kumbukumbu ingebaki uchafu wa dirishani.

Damu kwenye kioo kilichovunjika ichukuliwe kwa pamba safi, ikauke, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi ndipo ipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu na kuozesha vinasaba.

Kukusanya vizuri peke yake hakutoshi: Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake, Na. 110 ya 2007, ilisisitiza maandishi yanayoonyesha kielelezo kilivyokamatwa, kutunzwa, kukabidhiwa na kuchunguzwa. Kielelezo kinachovuka wilaya hupita mikono mingi zaidi. Na matukio yakishaunganishwa, bado kila shtaka lithibitishwe peke yake.

Napendekeza wapelelezi wa wilaya hizi mbili wakutane kila mwezi, picha za alama mezani, na wawe na daftari moja la pamoja.

Wenyeviti wa vitongoji, hili ni lenu: mkiitwa alfajiri, mwombeni mama mwenye nyumba asifagie, na fundi asiguse mlango mpaka mpelelezi afike. Unyayo ulioko uwanjani ufunikeni kwa beseni kabla kuku hawajaupitia.