Dhahabu Kwenye Usaili

Ndugu yangu unayetafuta kazi, uwe upande huu wa mpaka au ule, nina neno nawe. Wengi huniuliza: mtumishi, nikienda intavyuu na mkufu wa dhahabu nitanyimwa kazi?

Niseme ukweli. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya kuajiri mtunza hesabu wa shule ya chekechea. Akaingia dada mmoja, hereni kubwa, bangili mkono mzima. Alijibu vizuri kuliko wote. Alipotoka, mmoja wetu akasema, "Huyu mshahara wetu atauona kama nauli." Tukacheka. Nami nikacheka. Kazi tukampa mwingine. Baadaye nikaja kujua dhahabu ile aliiazima kwa jirani, ili tumheshimu. Watoto wake walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Soma Yakobo sura ya 2. Pale mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri, maskini anaambiwa asimame. Sisi tuligeuza upande tu. Dhambi ni ileile, kupima mtu kwa macho.

Basi wewe unayeitwa kwenye usaili: vaa nadhifu, pete ya ndoa na saa vinatosha. Usiazime. Vyeti vyako na majibu yako viongee kwanza. Nawe unayeajiri, ukiona dhahabu, uliza kazi. Ukiwa na shaka kuhusu mshahara, muulize mwenyewe, usimjibie.

Mungu atusamehe, atufundishe. Amina.